Kori Mbili za Sanduku Moja

Kila Jumamosi, salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, ikishakwisha na majembe yakishaegemezwa ukutani, watu wa fanfari ya parokia, bendi ya tarumbeta na ngoma, walikaa nyuma ya kanisa kung'arisha vyombo vyao, na hakuna aliyependa kukaa karibu na Athanase. Kori yake, pembe kubwa ya shaba, ilirudisha jua machoni mwa watu mpaka wakasogeza viti. Yeye mwenyewe alikaa kifua wazi, gunia limetandikwa mapajani, na mbele yake sahani za majivu yaliyochekechwa, mchanga laini wa mto Shari na ndimu zilizokatwa vipande. Alisugua kama mama anayengojea wakwe. Wapiga tarumbeta walipangusa kidogo, wakapiga soga, wakaenda zao. Yeye alibaki mpaka shaba ikawa kioo kamili. Véronique, mkewe, alipokuja kumwita kwa chakula, aliinama kwanza mbele ya domo la kori akafunga vizuri kitambaa chake cha kichwa.

Véronique alikuwa na neno lake la siku zote, kwamba kori ile imekula ndimu kuliko watoto wake wote. Athanase alilipokea kama sifa. Kwenye karatasi za serikali aliitwa Mumbere tu, kwa kuwa majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku nchini, lakini nyuma ya kanisa alikuwa Athanase, na Bunia nzima, kuanzia Ngezi hadi Mbunya, ilijua kwamba Athanase ni kori na kori ni Athanase. Hakuwa mtu wa kujificha nyuma ya unyenyekevu. Ukimwambia amepiga vizuri, alikuuliza ni lini ulimsikia akipiga vibaya.

Nacho ni chombo chenye maringo, kori. Bomba lake linajizungusha mara nyingi tumboni, na domo lake pana halitazami mbele kama la tarumbeta. Linatazama nyuma. Mpigaji hutia mkono wa kuume ndani ya domo hilo, akaishika sauti kwa kiganja kabla haijatoka, na watu walioketi mbele yake husikia kile kilichogonga ukuta ulio mgongoni mwake kisha kikarudi. Kwa hiyo mpigaji wa kori huifahamu sauti yake kwa meno, kwa kifua na kwa kiganja. Athanase alisema kiganja chake kinasikia kuliko masikio ya askofu.

Kori zilikuwa mbili. Padri Hubert alizileta kutoka Ubelgiji kabla ya uhuru, zimelala katika sanduku moja, domo juu ya domo, mapacha wa kiwanda kimoja, zimepakwa vanishi ya rangi ya asali. Moja alimpa Athanase, aliyekuwa bado kijana wa kutafuta ndevu. Ya pili alimpa Kule, rafiki yake. Aliwafundisha wimbo mmoja kwanza, wa kutolea sadaka, unaoanza kwa kori peke yake kwa pumzi ndogo, kisha unapanda mpaka unafunika fanfari nzima. Miaka ya waasi Wasimba ilipofika, Padri akaondoka kwa ndege asubuhi moja bila kuaga watu, na vijana wale wakabaki na vyombo vya kizungu ambavyo vingeweza kuwaua, waasi wakiviona.

Kule aliifunga kori yake kwa ngozi ya mbuzi akaining'iniza juu ya mafiga, katika dari ya jiko la mama yake. Athanase aliizika yake shambani, chini ya migomba. Mvua zilinyesha juu yake msimu mzima. Siku alipoichimbua ilikuwa imevimba ukijani, vanishi imebambuka vipande vipande, na mtu mzima yule alikaa juu ya udongo akalia kwa sauti. Kisha akafanya alichomwona mama yake akikifanya tangu utoto kila chombo kilipochafuka: akachukua majivu, mchanga na ndimu, akasugua mpaka ukijani ukatoka wote, na vanishi iliyosalia ikatoka nao, na chini yake ikachomoza shaba tupu inayowaka. Akaapa kwamba doa halitaigusa tena, maana alikumbuka Padri akiwaambia kwamba mtu hujulikana kwa mng'ao wa chombo chake. Kiapo hicho alikishika kila Jumamosi tangu siku hiyo.

Kori ya Kule ilishuka kutoka dari ikiwa na rangi ya chai ya rangi iliyochemka sana. Moshi ulikuwa umeingia katika vanishi ukakaa humo. Baadaye Kule alihamia Butembo kufuata biashara, akamwachia kori dada yake mdogo, Kanyere, fundi wa cherehani sokoni, mwanamke wa kucheka kwa sauti na kusema lililo moyoni mwake. Kanyere hakuwa na wakati wa majivu. Aliipangusa kori kwa upindo wa kitenge chake, akairudisha katika mfuko wake wa kitambaa. Wazee wa fanfari walimwonya kwamba chombo cha Mungu hakiachwi kikae kama sufuria ya maharagwe. Akawajibu kwamba sufuria ya maharagwe inalisha watu.

Mwaka ule, ulikuwa wa themanini na tatu, habari zilikuja kwamba Padri Hubert atarudi kwa ajili ya jubilei ya parokia. Alikuwa mzee sasa, anatembea kwa fimbo, na kila mtu alielewa bila kuambiwa kwamba hiyo ndiyo safari ya mwisho. Abbé Étienne, padri mwenyeji aliyekuwa akiongoza fanfari, akachagua wimbo ule ule wa sadaka. Hapakuwa na swali nani ataupiga. Athanase alitaka jambo moja tu duniani, na alilisema wazi kwa mkewe: mzee yule aisikie kori yake, aijue, aone kwamba alichokiacha hakikupotea. Kwa maana hakuwahi kumsamehe kabisa kwa kuondoka bila kuaga, na kumpigia ndiyo njia pekee aliyoijua ya kumsamehe.

Mazoezi ya kwanza yalianza vizuri. Pumzi ndogo ya Athanase iligusa shaba na sauti ikawa pale pale, laini, bila kusitasita, hata mafundi waliokuwa wakirekebisha madirisha wakateremsha nyundo zao. Kisha wimbo ukapanda. Athanase akajaza kifua, na pale sauti ilipopaswa kunenepa ikapasuka, ikawa kali na bapa, mfano wa mfuniko ulioangukia saruji. Abbé Étienne akawasimamisha. Akaomba warudie. Ikapasuka tena pale pale. Abbé alikuwa mtu mpole, mwenye kuokota maneno yake moja moja. Akasema labda kwenye sehemu kubwa Athanase apunguze nguvu. Athanase akapunguza, na fanfari ikamfunika mpaka akapotea. Walipojaribu mara nyingine, Abbé akageuza kurasa zake bila kuzisoma, akasema labda Kanyere aujaribu wimbo huo.

Kanyere akaujaribu. Mwanzo wake ulikuwa mbaya. Kori yake nzito ilichelewa kuamka, pumzi ikaingia na sauti ikaja nyuma yake ikijikokota. Lakini wimbo ulipopanda, Abbé Étienne alisahau kuchezesha mkono.

Athanase aliona kilichokuwa kikija, akakiwahi. Alisimama, akasema mbele ya wote kwamba masikio yanadanganyika ndani ya kanisa lenye madirisha yaliyong'olewa, kwamba kori isiyosafishwa haiwezi kuishinda kori iliyosafishwa, na kwamba yuko tayari kupimwa popote. Wazee wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Ndipo Kanyere akauliza, bila dharau yoyote, huku akifuta kidomo cha kori yake kwa kitenge:

"Papa Athanase, weye mwenyewe ulishaisikia kori yako?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Miaka yote umeipa kisogo," Kanyere akasema. "Inasemea nyuma, na weye uko mbele. Nenda kule kwenye ua, utupe kisogo. Mimi nitapuliza zote mbili, kisha utuambie ni gani yako."

Hakuna mtu wa fahari ambaye angelikataa hilo. Athanase alimkabidhi kori yake, akavuka uwanja wa kanisa kwa mwendo wa bwana harusi, akapita wapiga ngoma, akafika kwenye ua wa miti na kugeuza uso. Fanfari nzima ilitoka kukaa kwenye ngazi.

Kanyere alianza na sehemu ndogo. Akapuliza kori moja, akapuliza ya pili. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Athanase akasikia kitu ambacho hakukitazamia: hakusikia tofauti. Moja ilikawia kidogo kuamka, basi. Zikishaamka zilikuwa sauti moja. Akataka kucheka. Vanishi, moshi, majivu, ndimu, yote yale ambayo kiganja chake kiliapa kuyasikia, hayakuvuka uwanja.

Kisha Kanyere akajaza kifua. Kori ya kwanza ikapanda, ikapasuka, kali na bapa, na kunguru wakaruka kutoka paa la kanisa. Athanase alitabasamu akiwa amefumba macho. Ndiyo ile ya moshi, akajisemea. Maskini binti wa watu. Ikaja kori ya pili. Ilipanda polepole na kila ilipopanda ilizidi kuwa pana, nene, yenye giza zuri ndani yake, na ilipofika juu kabisa haikupiga kelele. Ilisimama tu na kuujaza uwanja. Malaika ya mikono yakamsimama. Aliijua sauti ile. Ndiyo iliyotoka katika sanduku la Padri Hubert siku alipopuliza kwa mara ya kwanza, akaogopa, na Padri akacheka na kumpiga begani. Ilikuwa sauti ya ujana wake wote, nayo hakuwahi hata siku moja kutilia shaka kwamba ndiyo anayoipiga.

Aligeuka akarudi akiwa na machozi, hakujali nani anayaona.

"Hiyo ndiyo yangu," akasema.

Kanyere alikuwa bado ameishika. Ilikuwa na rangi ya chai.

Abbé Étienne alitazama viatu vyake. Kanyere akampa Athanase kori yake inayong'aa kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyorudishiwa mtoto wake.

Athanase alikwenda nyumbani Ngezi na jua likiwa bado kali, akakaa mlangoni na kori mapajani. Alibonyeza ukingo wa domo kwa kidole gumba. Shaba ikaingia ndani, ikarudi kwa mlio mdogo, kama mfuniko wa kopo la samaki. Akabonyeza pengine, pale mkono wake wa kuume ulipokaa miaka yote. Hapo ilikuwa nyembamba zaidi. Alikuwa akiuona ulaini ule tangu zamani, na aliudhani kuwa ni usafi. Kila Jumamosi alikuwa ameosha vumbi, na pamoja na vumbi akaondoa shaba kidogo, isiyoonekana, ikaenda na maji machafu kwenye mfereji wa nyuma ya kanisa. Kori haikuzeeka. Yeye ndiye aliyeila.

Véronique alikaa kando yake akichambua sombe, majani ya muhogo. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia, kwamba siku alipoichimbua chini ya migomba alimwona akilia, naye akadhani atachoka kuisugua baada ya mwezi. Hakuchoka, na yeye hakuwa na moyo wa kumkataza mtu kupenda.

"Sasa weye utafanya nini?" akauliza.

"Nitampigia Padri," Athanase akasema. Sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote.

Siku ya mazoezi yaliyofuata, Kanyere alimtangulia. Alisema mbele ya Abbé kwamba kori hizi ni ndugu, basi Papa Athanase achukue ya moshi apigie wimbo wote, yeye atashika ile nyingine. Alisema kwa moyo mweupe, na Athanase alitamani kukubali. Akaichukua. Akapuliza. Ilidai pumzi ya kijana: mwanzo ikagoma kuamka, na wimbo ulipopanda ikamnyonya kifua chote, na kabla ya kufika juu akawa ameishiwa, akashusha kori akihema. Hata hivyo, kwa muda ule mfupi, sauti ile ilikuwa mikononi mwake tena. Akairudisha.

"Imetaka mtu," akasema, "na mtu wake ni weye."

Kisha akajipiga kifua, Athanase yule yule wa Ngezi, akawatangazia kwamba hakuna mtu kutoka Bunia mpaka Epulu atakayeuanza wimbo huo kama yeye. Kori nzito hungoja pumzi ishibe ndipo iamke. Hii yake huamka mtu akiwaza tu kupuliza. Akawaonyesha. Alipuliza kwa pumzi isiyoweza kuzima kiberiti, na noti ikawa hewani, nyembamba na safi, na hata waliokuwa karibu hawakuweza kusema ilianza lini. Abbé Étienne akaweka kurasa zake chini. Walikubaliana hapo hapo: Athanase ataufungua wimbo, na pale unapoanza kupanda, katikati ya pumzi, Kanyere atauchukua.

Hapo ndipo ilipokuwa kazi. Makabidhiano yale yaliwatoa jasho mpaka wiki ya mwisho. Athanase akimaliza mapema, pakawa na shimo. Kanyere akianza kwa nguvu, pakawa na kikwazo. Waligombana sana, kwa kuwa kila mmoja alijiona bingwa. Mwishowe Kanyere alijifunza kuianza sauti yake ndani ya sauti ya mwenzake, akiipa kori yake ile nafasi ya kuchelewa, na Athanase alijifunza jambo gumu kuliko yote aliyowahi kuyapiga, yaani kupungua mtu akikua karibu yako.

Siku ya jubilei kanisa lilifurika mpaka nje. Padri Hubert aliketi kiti cha mbele, mdogo kuliko alivyokumbukwa, fimbo katikati ya magoti. Athanase alipomwona, hasira yake ya miaka mingi ilitafuta pa kukaa isipapate. Sadaka ilipoanza kupelekwa, akanyanyua kori. Wimbo ukaingia kanisani bila kubisha hodi. Watoto waliokuwa wakilia wakanyamaza, na mzee akainua kichwa. Ukaanza kupanda, kwa kiganja chake cha kuume Athanase akausikia ukimtoka na kuingia kwa Kanyere, na hakuna shimo, wala kikwazo, ila upana ule uliokua na kukua mpaka tarumbeta na ngoma zikaingia, na kori ikabaki juu ya zote. Athanase alishusha chombo chake. Aliisikia sauti ile akiwa msikilizaji, kama siku ile kwenye ua, na safari hii alijua ni ya nani.

Baada ya misa Padri alikuja nyuma ya kanisa akishikiliwa mkono na Abbé. Alimkumbatia Athanase kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa Kiswahili chake cha zamani ambacho hakikuwa kimeshika kutu:

"Ile sauti ya katikati, Athanase. Ndiyo niliyoiacha hapa. Nilidhani imekufa."

Athanase angalinyamaza tu, maneno yale yangalikuwa yake mpaka kaburini. Wala Kanyere hakuwa akimtazama. Alikuwa amejishughulisha na kukunja kitenge.

"Hiyo ni ya Kanyere, dada yake Kule," akasema. "Mimi nilimfungulia mlango."

Padri akampa Kanyere mkono, akamshukuru, kisha akaomba aione kori inayong'aa. Akaigeuza juani, akajiona ndani yake, akatabasamu. Halafu kidole gumba chake kikafika kwenye ukingo wa domo na tabasamu likasimama.

"Imekuwa nyembamba sana."

"Ni mimi, Padri. Kila Jumamosi. Ulituambia mtu hujulikana kwa mng'ao wa chombo chake."

Mzee alifikiri, akakunja paji la uso, akatafuta kwa uaminifu kabisa katika miaka yake.

"Mimi nilisema hivyo?" akauliza.

Kitu kikamtoka Athanase kifuani, akakiogopa kabla ya kukijua, na kumbe kilikuwa kicheko. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kanyere naye akashindwa, Abbé akageuka pembeni mabega yakimtetemeka, na Padri, asiyejua anachochekea, akacheka pamoja nao.

Walipotulia mzee aliomba apigiwe tena ule mwanzo, ule mdogo tu, hapo hapo. Athanase akaupiga. Padri alisikiliza akiwa ameinamisha sikio karibu na domo, upande ule ambao hakuna anayekaa.

"Mwanzo wa namna hii sijausikia popote," akasema. "Kori nilizozileta hazikuweza kuanza hivi. Huu ni wa kwako."

Kabla ya kupanda gari, Padri alimwendea tena, akamshika mkono, akamuaga kwa jina. Akarudi Ubelgiji, na mvua za msimu zikaanza. Jumamosi iliyofuata salongo ilikwisha mapema. Nyuma ya kanisa watu walisogeza viti kwa mazoea, kisha wakaona hapana haja: Athanase alikuwa na kitambaa kikavu tu, anapiga soga kuliko wote, na kwenye mkunjo wa kwanza wa kori yake palikuwa pameanza kuingia wekundu hafifu wa chai changa. Aliutazama mara nyingi. Mara moja mkono wake ulinyoosha kidole kuufuta, ukarudi.

Nyumbani alikuta Véronique ameweka ndimu mezani, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi na mikono yake ilizinunua bila kumuuliza. Wakatazamana. Jikoni kulikuwa na samaki wa Kasenyi anayechuruzika mafuta. Athanase akachukua kisu, akakata ndimu zile moja baada ya nyingine, akazikamua zote juu ya samaki.

"Itakuwa chachu," Véronique akasema.

"Lete ugali," akajibu.

Wakala. Ilikuwa chachu kweli, na hawakubakiza kitu.